Mjomba anataka kuuza mikorosho ili nikasome Uingereza

Shikamoo Mwalimu,

Naandika kutoka Newala. Nina miaka 28, ni afisa ugani wa kata, huu ni mwaka wangu wa tatu kazini halmashauri. Nilimaliza shahada ya kilimo pale SUA, Morogoro, mwaka 2022 kwa GPA ya 3.6. Nina mtoto mmoja wa kike wa miaka minne, namlea mwenyewe nikisaidiwa na mama.

Tangu chuoni nilitamani kusoma masta ya magonjwa ya mimea. Mwaka jana rafiki yangu alinielekeza kwa wakala mmoja wa Dar es Salaam anayepeleka wanafunzi nje. Nilimtumia vyeti kwa WhatsApp, fomu zote akajaza yeye. Mwezi wa tatu ikaja barua kwamba chuo kimoja cha Uingereza kimenikubali, masomo yanaanza Septemba. Nyumbani ilikuwa shangwe. Mama alipika pilau na majirani wakaitwa.

Baadaye ndipo nikaisoma barua vizuri. Ada ni pauni 19,000, na kianzio cha pauni 4,000 kinatakiwa kabla ya tarehe 30 Juni, la sivyo nafasi inapotea. Wakala naye anadai shilingi milioni moja na nusu za huduma. Nilipomuuliza pesa iliyobaki itatoka wapi, akasema wanafunzi kule wanafanya kazi na kujilipia, na kwamba taarifa ya benki ya kuonyesha ubalozini yeye ataiandaa, nisijali. Akasema pia mtoto nitaondoka naye.

Sasa mjomba ameamua shamba la mikorosho liuzwe. Ni ekari sita alizoacha bibi, mama ndiye anayelihudumia na ndiko anakoishi. Amepatikana mtu wa kutoa milioni 25. Mjomba ndiye aliyenisomesha tangu darasa la kwanza, hata cheti changu cha kidato cha nne kina jina lake mahali pa jina la baba. Anasema korosho haziwezi kushinda elimu. Mama hasemi kitu, lakini namjua mama yangu, akinyamaza hivyo ujue hajaridhika.

Jambo moja dogo: nilipoomba kuona nakala ya fomu, niliona wakala ameandika GPA yangu 3.6 kati ya 4. Aliniambia wazungu wanatumia hivyo.

Mwalimu, nikikataa nafasi hii nitapata nyingine? Na nikimkatalia mjomba, nitamtazamaje usoni?

Wako,
Binti wa Newala

JIBU

Marahaba mwanangu. Hongera kwa barua hiyo, na hongera kwa kuisoma mara ya pili. Wengi huishia kwenye neno la kukubaliwa.

Shamba lisiuzwe. Nakuambia hivyo mwanzoni kabisa kwa sababu tarehe 30 Juni iko karibu na mnunuzi tayari yupo. Ukimaliza kusoma maneno haya, mtu wa kwanza kumtafuta awe mjomba wako.

Tupige hesabu, kwa sababu nadhani hakuna aliyekaa na kalamu hapo nyumbani. Ili kupata viza ya mwanafunzi Uingereza, unatakiwa kuonyesha ada ya mwaka wa kwanza iliyobaki pamoja na pesa za kujikimu. Kwa anayesoma nje ya London ni zaidi ya pauni 1,100 kwa kila mwezi, kwa miezi 9. Pesa hizo ziwe zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo kabla hujaomba. Ada pauni 19,000, kujikimu zaidi ya pauni 10,000, bima ya afya ya mwanafunzi pauni 776 kwa mwaka, bado ada ya viza yenyewe na nauli ya ndege. Unakaribia pauni 31,000. Tukikadiria pauni moja kuwa shilingi 3,300, hiyo ni zaidi ya milioni 100. Shamba la bibi linaleta 25. Mkishaliuza mtakuwa mmepata robo ya safari, na robo tatu haipo popote.

Wakala anakwambia utafanya kazi ujilipie. Ni kweli mwanafunzi wa masta huruhusiwa kufanya kazi, mwisho saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Lakini pesa za viza zinatakiwa ziwepo kabla hujapanda ndege, kwa hiyo mshahara wa kule haukusaidii kupata ruhusa ya kwenda kule. Hapo ndipo inapoingia hiyo taarifa ya benki atakayo"iandaa". Mwanangu, hiyo ni nyaraka ya kughushi yenye jina lako. Uingereza ikigundua udanganyifu kwenye maombi ya viza inaweza kukufungia mlango kwa miaka 10. Vyuo vingi hurudisha kianzio mwanafunzi akinyimwa viza, ila vingi pia hukataa kurudisha iwapo sababu ya kunyimwa ni nyaraka za uongo. Shamba limekwenda, kianzio kimekwenda, jina limechafuka. Yeye wakala atakuwa ameshapokea milioni yake na nusu.

Na mtoto. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masta ya kawaida ya darasani haruhusiwi kwenda Uingereza na wategemezi. Wanaoruhusiwa ni wa masomo ya utafiti kama uzamivu, na baadhi ya wanaofadhiliwa na serikali. Mtu anayeifanya kazi hiyo kila siku lazima analijua hilo. Alichagua kutokwambia. Sasa fikiri: mtoto angebaki na nani? Na mama yako. Mama yako anaishi wapi, anakula nini? Shamba hilo hilo linalotakiwa kuuzwa. Kwangu mimi hoja hii inatosha kufunga mjadala hata kama pauni zingetimia.

Ulichokiita jambo dogo, la GPA, ndilo lililonishtua kuliko yote. Mfumo wetu ni wa alama 5. Ukipata 3.6 kati ya 5 una daraja la pili la juu, matokeo mazuri ambayo huna haja ya kuyapamba. Ukiandika 3.6 kati ya 4 umejipa matokeo ya mtu mwingine, na transkripti itakapofika chuoni itakusuta. Hata kama huendi, andika baruapepe kwenye ofisi ya udahili wiki hii, kutoka anwani yako mwenyewe. Waambie fomu ilijazwa na wakala, kipimo cha GPA kimeandikwa kimakosa, sahihi ni 3.6 kati ya 5, na uambatanishe transkripti. Mistari minne inatosha. Waulize pia kama nafasi yako inaweza kusogezwa hadi mwaka unaofuata; vyuo vingi hukubali. Na kuanzia sasa namba za siri za akaunti zako za maombi azijue mtu mmoja tu, wewe.

Sisemi mawakala wote ni wezi. Wapo wanaofanya kazi safi. Ila ujue kwamba mawakala wengi hulipwa kamisheni na vyuo kwa kila mwanafunzi anayejiandikisha, kwa hiyo faida yao iko kwenye wewe kuondoka. Utakavyoishi ukifika hakumo kwenye mahesabu yao.

Umeuliza kama utapata nafasi nyingine. Utapata, na bora zaidi, kwa sababu safari hii utaanza na mlipaji. Barua ya kukubaliwa inasema chuo kiko tayari kukufundisha ukilipa. Haisemi nani atalipa. Watu wa hali zetu lazima tuwafuate wafadhili kwanza.

Kwa sifa zako ningeanzia Ujerumani. DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili masomo, wana mpango wa masomo ya uzamili yanayohusu maendeleo, unaitwa EPOS, na unaonekana kama uliandikwa kwa ajili ya mtu kama wewe: anayetoka nchi zinazoendelea, mwenye uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili, na shahada ambayo kwa kawaida haijapita miaka sita. Wewe umemaliza 2022, kwa hiyo muda unao, ila si wa kuuchezea. Wanalipa posho ya kila mwezi, bima ya afya na mchango wa nauli, na wana utaratibu wa posho ya familia kwa masharti fulani ambayo utayasoma kwa makini kwa sababu ya mtoto. Unaomba kupitia kozi yenyewe, na kila kozi ina tarehe yake. Nyingi hufunga kati ya Agosti na Desemba. Vyuo vya Bonn, Göttingen na Hohenheim vinafundisha kilimo cha nchi za joto tangu zamani. Pitia orodha ya EPOS ya mwaka huu uone kozi zipi zimo, kisha chagua zinazogusa magonjwa ya mimea. Kumbuka pia kwamba vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada ya masomo hata kwa wageni, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg, ambako Hohenheim ipo. Huko mgeni hulipa euro 1,500 kwa muhula.

Kama moyo bado uko Uingereza, kuna Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza. Hufunguliwa mwezi wa nane, wanataka saa 2,800 za kazi, nawe unazo tele, na unachagua kozi tatu. Sharti lao ni kurudi nyumbani angalau miaka miwili baada ya masomo. Kwa mwajiriwa wa halmashauri hilo si mzigo. Erasmus Mundus, kozi za masta zinazofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, nazo zitazame kuanzia mwezi wa kumi, kwani zimewahi kuwapo kozi zao za afya ya mimea, na kuomba ni bure. Marekani iache kwa sasa hadi usome masharti ya viza kwa Watanzania kwenye tovuti ya ubalozi wao, maana yamekuwa yakibadilika na watu wanalipa ada kabla ya kusoma.

Sasa nifike mahali ninapotaka ukae sana, barua yako ya kueleza nia. Nimesoma barua nyingi za vijana wetu. Karibu zote zinaanza na mapenzi ya utotoni kwa kilimo, zinasema kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, zinamaliza kwa ahadi ya kuleta mabadiliko. Anayezisoma Bonn amesoma mia kama hizo asubuhi hiyo. Wewe una kitu ambacho hao hawana, na katika barua yako kwangu hujakitaja hata mara moja. Kila mwaka ukianza ubaridi wa Juni unaona ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ukishuka kwenye maua ya mikorosho pale Newala. Unamjua mkulima anayepuliza dawa ya salfa kwa wakati na anayesubiri mpaka aone unga mweupe ndipo akatafute mashine ya kukodi. Unajua kwa nini anasubiri: hana pesa, mashine ni moja kijiji kizima, au salfa imechelewa kufika kwenye chama cha msingi cha ushirika. Kuna vijiji vinavyofuata ushauri wako na kuna vinavyoupuuza, na naamini sababu zake unazijua.

Andika hayo. Taja tatizo moja, mahali pake, ulichojaribu wewe kama afisa ugani, kilichofanya kazi na kilichoshindikana, kisha swali ambalo elimu uliyonayo haikutosha kulijibu. Hapo ndipo useme kwa nini kozi ile, yenye somo lile, ndiyo unayoihitaji. Kurasa mbili zinatosha. Kabla ya kuandika, omba kukutana na watafiti wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo hapo Mtwara, ambako utafiti wa korosho nchini ndiko makao yake. Waulize wanahangaika na nini sasa hivi. Mnyauko fusari, ugonjwa unaokausha miti, kwa mfano, umewasumbua wakulima wa kusini kwa miaka. Utajua swali lako limeshajibiwa au bado, na pengine utapata mtu wa kushirikiana naye ukirudi. Mfadhili akiona umeshapajua pa kurudi, anakuamini.

Barua za mapendekezo zianze kuombwa mwezi huu. Moja kwa mwalimu wako wa SUA aliyekusimamia mradi wa mwisho, nyingine kwa mkuu wako wa idara, kwani EPOS wanataka na ya mwajiri, yenye saini, muhuri na tarehe. Mtumie kila mmoja wasifu wako, matokeo, rasimu ya barua na tarehe ya mwisho, umpunguzie kazi ya kukumbuka. Waombe watumie anwani ya baruapepe ya ofisi, maana vyuo vingine huitilia shaka barua ya mhadhiri iliyotoka kwenye anwani ya binafsi. Akikwambia "andika mwenyewe nisaini", mjibu kwa adabu kwamba utamwandalia pointi za kazi ulizofanya naye, lakini maneno yawe yake. Msomaji mzoefu huona upesi barua mbili zilizoandikwa na mkono mmoja.

Ukiwa ofisini kwa mkuu wa idara, ulizia pia utaratibu wa ruhusa ya masomo. Usisubiri ushinde ndipo useme.

Kuna jambo la jina. Cheti cha kidato cha nne kina jina la mjomba, na nadhani kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa vina jina la baba. Hali hii iko kwenye nyumba nyingi za kusini na haina aibu yoyote, ila mfadhili akiona majina mawili atadhani ni watu wawili. Nenda kwa wakili uandaliwe kiapo kinachoeleza kwamba majina yote mawili ni yako na sababu yake. Akiona inahitajika hati ya kubadili jina inayosajiliwa, atakuelekeza. Pasipoti ifuate NIDA. Ada yake ni shilingi 150,000 na unaombea ofisi ya uhamiaji ya mkoa, Mtwara mjini. Lianze hili kabla ya mengine, kwa sababu ndilo linalochelewa.

Kiingereza usikimbilie kulipia mtihani. Kozi nyingine hukubali barua ya SUA kwamba ulisomeshwa kwa Kiingereza; waandikie uwaulize. Wakisema lazima IELTS, utafanyia Dar es Salaam, na matokeo yake hudumu miaka miwili, basi ufanye karibu na maombi.

Gharama zote hizi, za pasipoti, kiapo, transkripti, nauli ya Dar na mtihani ukihitajika, zinaweza kutoka kwenye mikorosho bila kuuza hata mti. Minada huanza mwezi wa kumi, na maombi mengi ya ufadhili yanafanyika kati ya Agosti na Januari. Mwambie mama kwamba msimu huu unaomba sehemu ndogo ya malipo ya korosho kwa kazi hiyo. Kwa yale ya kabla ya mnada, ile milioni moja na nusu ya wakala, kama ulikuwa umeshaanza kuikusanya, inatosha na kubaki.

Sasa mjomba. Usimpigie simu, nenda. Usiende na jibu la kukataa tu, nenda na karatasi mbili: hesabu ya pauni niliyokuandikia hapo juu, na mpango wako wa mwaka mmoja wenye tarehe. Anza kwa kumshukuru, kwa dhati, maana mtu aliyempa mtoto wa dada yake jina lake shuleni hakutafuti ubaya. Amependa na amekosea hesabu, na aliyempa hesabu mbovu ni wakala. Mwache aisome karatasi mwenyewe mpaka mwisho, usimkatize. Kisha mwambie kwamba unataka kwenda kusoma ugonjwa unaokausha maua ya mikorosho ya bibi, na ungependa ukirudi uikute. Mama awepo, na aulizwe. Kwa mila zenu ardhi hiyo imepita kwa bibi. Sauti yake ina haki hapo, na pengine ananyamaza kwa sababu hakuna aliyemuuliza mbele ya kaka yake.

Akikuuliza, "Na usipopata ufadhili mwaka huu?", usimdanganye. Mwambie ushindani ni mkubwa na wengi hupata mara ya pili au ya tatu. Mwambie pia kwamba masta inasomeka SUA na chuo cha Nelson Mandela, Arusha, na DAAD hao hao hufadhili wanafunzi ndani ya Afrika Mashariki. Utaomba na huko kwa wakati mmoja, na mtoto utakuwa umbali wa basi.

Baruapepe ya udahili itume kabla ya Ijumaa. Rasimu ya barua ya nia ikikamilika, hata ikiwa mbovu, niletee niipitie kabla ya mwezi wa nane.